Misimu ya homa ya sungura: kupe, sungura mwitu na kalenda ya mfugaji

Mfugaji akiona kupe wamejazana kwenye masikio ya kondoo mwanzoni mwa majira ya joto, hukimbilia dawa. Hakosei, ila kupe yule alianza safari yake zamani. Mara nyingi alianguliwa mwaka uliotangulia au hata kabla ya hapo, akanyonya damu ya panya au sungura mwitu angali mdogo kuliko kichwa cha pini, akadondoka, akajificha chini ya majani makavu, akaambua ngozi na kurudi akiwa amekua. Kama sungura au panya yule alikuwa na bakteria kwenye damu, kupe hubaki nao kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine, na baridi yote hupita akiwa amewahifadhi. Ukimkuta kwenye kondoo, amekwisha kubeba mzigo huo.

Ugonjwa ninaouzungumzia zaidi ni tularemia, maarufu kama homa ya sungura. Bakteria wake, Francisella tularensis, walielezwa mara ya kwanza mwaka 1911 na 1912 kutoka kwa kindi wa ardhini wa wilaya ya Tulare, California, na jina likatoka hapo. Makazi yao hasa ni nusu ya kaskazini ya dunia: Amerika ya Kaskazini, Ulaya na Asia. Aina kali zaidi, aina A, iko Amerika ya Kaskazini na imefungamana sana na kupe na sungura wa mkia mweupe. Aina B imeenea zaidi, nayo hupita pia kwa panya na kwenye maji. Sungura aliyepatwa na aina A hufa upesi, mara nyingi ndani ya siku chache, kwa hiyo usitegemee kumwona amekonda na kudhoofu wiki nzima kabla ya kufa. Utakachokiona ni mzoga, au sungura anayetembea polepole na kukuacha umsogelee. Huyo muache. Sungura mzima hakusubiri.

Sasa misimu. Ukiangalia kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani tangu karne iliyopita, wanapanda mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni kuanzia majira ya kuchipua hadi katikati ya joto, kupe wakubwa wanapotoka kutafuta damu, na inzi wanaouma nao wanapoanza kazi. Mara ya pili ni msimu wa baridi, kupe wengi wakiwa wamelala. Hapo anayeleta ugonjwa ni kisu: ni msimu wa kuwinda, na mtu huchuna sungura kwa mikono mitupu yenye michubuko. Watu wengi hulinda msimu mmoja na kuusahau mwingine. Mwenye kondoo huogopa joto, mwindaji huona baridi imemsafishia mambo. Ni kweli kwamba baada ya jalidi nzito kupe hupungua na sungura wengi wagonjwa huwa wameshakufa, ndiyo maana wawindaji wazoefu husubiri jalidi. Lakini kusubiri kunapunguza hatari tu. Bakteria hawa hustahimili baridi vizuri: hukaa wiki nyingi kwenye maji baridi, tope na mizoga, na nyama ya sungura iliyogandishwa inaweza kubaki na uambukizo kwa miaka.

Kuna kupe mmoja ambaye mkulima hamfahamu kwa sababu ni nadra kumuuma: kupe wa sungura, Haemaphysalis leporispalustris. Hatua zake zote hula kwa sungura, ingawa wachanga hupenda pia ndege watembeao chini. Akishiba hudondoka mchana, sungura anapokuwa amejilaza kwenye maficho yake. Kwa hiyo kizazi kinachofuata huanguliwa palepale sungura anaporudi kulala. Binadamu ni nadra kuguswa, lakini ugonjwa huzunguka ndani ya kichaka kimya kimya hadi kupe wa aina nyingine anayeuma kila mnyama, kama wa jenasi Dermacentor, anapopita akautoa nje. Kaskazini-mashariki mwa Marekani kupe mwingine wa sungura, Ixodes dentatus, hufanya kazi ileile kwa bakteria wa magonjwa mengine, Anaplasma na Borrelia. Somo langu hapa ni moja: kichaka kilichotulia si lazima kiwe salama.

Usihesabu miezi kwa kalenda ya ukutani. Chukua kitambaa cheupe cha pamba chenye upana wa mita moja hivi, kifunge kwenye fimbo, ukiburute taratibu kwenye ukingo wa malisho, pale nyasi zinapokutana na kichaka. Kila baada ya hatua chache kigeuze ukitazame kwa makini. Mwenye miguu sita ni lava, yaani kupe aliyetoka kwenye yai; mwenye minane ni tunutu, yaani kupe wa hatua ya kati, au mkubwa. Fanya hivyo asubuhi umande ukishakauka, kwani jua la mchana likiwa kali kupe hushuka chini kutafuta unyevu na kitambaa kitakudanganya kwamba hawapo. Ujue pia kwamba lava wa Dermacentor hukaa karibu na viota vya panya na mashimo, hivyo kitambaa huwakosa. Kinachokuonyesha vizuri ni wakubwa, na siku utakapowapata wa kwanza ndiyo siku ya kuanza kukagua mifugo.

Katika nchi za joto saa ya kupe ni mvua zaidi kuliko baridi. Penye msimu mmoja wa mvua, kupe wakubwa wa kahawia wa masikio hutoka mvua zinapoanza, na wachanga hufuata baadaye nyasi zikiwa zimeshashiba. Kusini mwa Afrika sungura mwitu hubeba lava na tunutu wa jenasi Hyalomma, ambao wakikomaa huhamia kwa ng'ombe. Magonjwa ni mengine, lakini mpangilio haubadiliki: wachanga kwa sungura, wakubwa kwa mifugo.

Kondoo ndio wa kutazamwa kwanza, hasa wana-kondoo mwishoni mwa majira ya kuchipua. Aliyebeba kupe wengi wenye bakteria hupata homa kali, hutembea amekakamaa na kubaki nyuma ya kundi. Majike wenye mimba wanaweza kuitupa. Pitisha vidole shingoni, nyuma ya masikio na chini ya mkia. Kupe mmoja mmoja mtoe kwa kibanio chembamba, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kumpinda, wala usimpasue kwa kucha. Wakiwa wengi, tumia josho au dawa ya kunyunyizia kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza.

Hapa niweke onyo ambalo halirudiwi vya kutosha. Dawa ya kupe yenye fipronili ni sumu kwa sungura wa kufugwa. Wapo wanaokufa kwa kunyunyiziwa dawa ya mbwa. Permethrini ya mbwa nayo huua paka. Sungura wako wawekwe kwenye vibanda vilivyoinuliwa juu ya ardhi, na msimu wa kupe usiwakatie nyasi mahali unapoona kinyesi cha sungura mwitu. Paka anayewinda sungura anastahili uangalifu zaidi ya mbwa, maana akiugua anaweza kumwambukiza mtu kwa kung'ata au kukwaruza.

Nyasi za ukingoni zifyekwe ziwe fupi, kupe wakose unyevu. Ila kabla ya kuwasha mashine, pita kwa miguu uone kama kuna mzoga. Mwaka 2000 katika kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, watu waliugua tularemia ya mapafu, na uchunguzi ukaonyesha kwamba kufyeka nyasi na vichaka ndiko kulikoongeza hatari. Bakteria kama kumi tu wakivutwa hewani wanatosha kuambukiza. Siku ya vumbi vaa barakoa.

Sungura aliyekufa bila sababu usimpasue kwa udadisi. Vaa glovu, mtie kwenye mifuko miwili, mpigie simu daktari wa mifugo, na kama daktari huyo hahitaji mzoga, mzike kwa kina ambacho mbwa hawafukui. Mwindaji naye akishafungua tumbo, atazame ini na bandama kabla ya kuendelea. Bandama iliyovimba, au madoa meupe yenye udogo wa punje za ulezi yaliyotapakaa juu ya ini, yatosha kusimamisha kazi. Nyama hiyo isiliwe, isipewe mbwa, na kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kisha kwa maji ya klorini. Nyama isiyo na dosari nayo ipikwe hadi ndani kabisa ifike nyuzi 74 za Selsiasi.

Dalili kwa mtu huanza kwa kawaida siku 3 hadi 5 baadaye, na zinaweza kuchelewa wiki mbili: homa ya ghafla, kidonda kwenye kidole au palipoumwa na kupe, kisha tezi iliyovimba kwapani au kinenani. Nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba umeshika sungura au umetoa kupe. Habari hiyo humsaidia kuchagua dawa, kwa sababu penisilini na jamaa zake hazifai hapa, ilhali gentamaisini, doksisaiklini na siprofloksasini hufanya kazi. Wa maabara nao wajulishwe kabla hawajaotesha sampuli, kwani bakteria hawa huwaambukiza kwa urahisi sana.