Pawa ya Bi Mkubwa: kosa letu, msilirudie

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba mnaoishi Uingereza na wazee wenu, haya nayaandika machungu hayajanitoka. Mama yetu alikuja huku kutoka Wete, akafanya kazi, akastaafu, akaweka akiba yake. Miguu ilipomchoka tulikwenda kwa wakili, akatuandikia pawa (power of attorney, hati ya kumruhusu mtu akusainie) ya karatasi moja: mimi nimsainie mambo yake ya pesa. Benki wakaipokea. Miaka 4 nikamlipia kodi ya nyumba na umeme, nikajiona nimeyamaliza.

Kisha mama akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu amesali au hajasali, mwisho majina yetu. Nikaenda benki na barua ya daktari, kwa nia safi kabisa, kuwaarifu kuwa kuanzia sasa wanipigie simu mimi. Binti wa dirishani akaisoma, akaingia ndani, akatoka na mkubwa wake. Akaunti ikafungwa siku ile ile.

Mtego ndio huo. Kwa sheria ya England na Wales, pawa ya kawaida hufa pale mwenyewe anapopoteza uwezo wa kuamua. Yaani inakufa siku unapoihitaji kweli. Isiyokufa ni pawa ya kudumu (lasting power of attorney), iliyoanza 2007 kutokana na sheria ya uwezo wa akili ya 2005. Mzee lazima aisaini akiwa na akili zake timamu, nayo haitumiki mpaka isajiliwe. Narudia: akiwa na akili zake. Akishapotea, hata wakili wa bei gani hawezi kukuandikia.

Niliposimulia nyumbani, shangazi akastaajabu: "Kwani wewe si mwanawe?" Akaenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, akapata barua yenye muhuri kuwa mimi ni mtoto wa kumzaa, akampa msafiri aniletee. Shangazi, Mungu akuweke, lakini huku kuzaliwa naye hakukupi ruhusa ya akaunti yake. Hata mke hana ruhusa ya akaunti ya mumewe aliyepigwa kiharusi. Na nyinyi mnaosema kumsainisha mzee ni kumtabiria mabaya, mimi nilisema hayo hayo.

Ikabidi twende mahakamani niteuliwe msimamizi wa mali yake. Fomu ya daktari, taarifa kwa jamaa, ada, dhamana, kisha ripoti ya matumizi kila mwaka. Tulingoja miezi 8, kodi ya mama tukichangishana ndugu, na pesa zake zimelala palepale benki.

Zamani nikiwacheka Wazungu, mtu anaandikiana mikataba na mama yake mzazi na mazishi anayalipia mapema. Bado naona kuna ubaridi ndani yake, jirani yangu mmoja wanawe humjia Krismasi tu. Lakini mwaka ule yeye karatasi zake zilikuwa tayari na mama yangu, mwenye watoto 6 kitandani pake, hana.

Hatua zenyewe si ngumu. Fomu zinajazwa kwenye tovuti ya serikali. Zipo pawa mbili, ya mali na ya afya. Jazeni zote mbili. Anahitajika mtu wa kuthibitisha kuwa mzee anaelewa na hakulazimishwa, naye asiwe wa familia. Kuweni makini na mpangilio wa saini: mzee kwanza, mthibitishaji, ndipo wawakilishi, yaani mtakaomsainia. Mkiruka, fomu zinarudi. Scotland wana sheria yao.

Mikarafuu na nyumba ya Pemba ni habari nyingine. Hizo zifanyieni pawa ya huko huko, msitegemee ya huku.

Pawa zote humalizika mtu akifa, ndipo wasia unapoingia. Bila wasia, sheria ya huku haijui thumni, ile moja ya nane ya mke, wala mafungu ya Kadhi: mume au mke aliyesajiliwa huchukua pauni 322,000 za mwanzo na nusu ya kinachobaki, watoto nusu nyingine, na wazazi hawapati kitu. Mke wa nikaha iliyofungwa huku msikitini tu, isiyosajiliwa, naye hahesabiwi mke. Mkitaka mirathi igawanywe kisharia, iandikeni hivyo ndani ya wasia. Mashahidi wawe wawili, wawepo pamoja anaposaini, na wasiwe miongoni mwa wanaoachiwa kitu, kwani shahidi aliyeandikiwa fungu hulikosa.