SOMO: Jinsi ya kujua ni nini kinakula uniti zako za LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla)

Naandika mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa nikalale. Kila wiki ni lile lile: "Mkuu, umeme unaisha haraka, nifanyeje?" Ukimuuliza amepima nini, hajapima kitu. Anazima taa ya kibarazani, anachomoa chaja ya simu, anagombana na watoto kwa ajili ya tivii, na huko jikoni friji lenye mpira wa mlango uliochoka linanguruma mchana na usiku.

Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka kwa muda wa saa 5 kila usiku inakula kama uniti 1.35 kwa mwezi mzima. Hita ya kuogea ya wati 4,000 inamaliza kiasi hicho hicho kwa dakika 20. Sasa endelea kugombana na taa.

Unahitaji saa ya simu, kalamu na karatasi. Mita usiifungue, lakiri usiiguse.

1. Jua uko tarifu gani, yaani daraja lako la bei ya umeme. Ukilipa 5,000 ukapata uniti karibu 41, uko tarifu 4, ile ya matumizi madogo, na kila uniti ni kama shilingi 122 ukijumlisha VAT, tozo ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji). Ukipata 14, uko tarifu 1, uniti ni 356 na senti. Usipime kwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, maana kodi ya jengo inakatwa humo: kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi, kwa hiyo ile 5,000 inabaki 3,500, na wa tarifu 1 anaambulia uniti 9.8. Hapo ndipo watu hupiga kelele kwamba bei imepanda. Na kama kuna miezi hukununua, deni linakusubiri.

2. Tafuta kwenye uso wa mita namba iliyoandikwa pembeni ya "imp/kWh". Yangu ni 1600. Yako inaweza kuwa 1000 au nyingine. Maana yake ni kwamba taa ndogo ikipepesa mara hizo, uniti moja imekwenda.

3. Zima na uchomoe kila kitu.

4. Angalia ile taa. Ikiwaka tu bila kupepesa, mita nyingi zinamaanisha hakuna umeme unaopita. Usikimbilie kusema unaibiwa. Ikiwa inapepesa na umeshachomoa kila kitu, zima meni swichi. Ikiacha, tatizo liko ndani ya nyumba: washa meni, zima breka moja moja mpaka uipate laini husika, kisha mwite fundi umeme mwenye leseni. Ikiendelea kupepesa meni ikiwa imezimwa, kuna kitu kimeungwa kati ya mita na meni. Hiyo ni kazi ya TANESCO, shirika la umeme. Usipande wewe.

5. Washa kifaa kimoja, hesabu kupepesa kwa dakika 6. Zidisha kwa 10, gawa kwa imp ya mita yako. Jibu ni uniti kwa saa. Pasi ya wati 1,000 kwenye mita yangu inapepesa kama mara 160: 160 × 10 ÷ 1600 = uniti 1 kwa saa.

6. FRIJI. Hapa soma taratibu.

Friji halipimwi kwa dakika 6. Mota yake inawaka na kuzima yenyewe. Ukilipima limenyamaza utasema halili kitu. Ukilipima limetoka kuwashwa, likiwa la moto na limejazwa maji ya chupa, utasema limeharibika. Mimi nililitangaza bovu friji zima kwa staili hiyo, fundi akaja, akala nauli yake akaondoka. Lipime usiku. Liache liwe limeshapoa tangu jana. Saa 4 usiku kila mtu akienda kulala, chomoa vingine vyote, soma uniti zilizobaki pamoja na desimali zake, andika. Saa 11 alfajiri, kabla mtu hajawasha birika, soma tena. Tuseme zimepungua 0.42 kwa saa 7. Gawa kwa 7, zidisha kwa 24: 1.44 kwa siku, kama 43 kwa mwezi. Kwa tarifu 1 hiyo ni zaidi ya 15,000 kwa friji peke yake. Na mchana linakula zaidi, kwa sababu mlango unafunguliwa na jiko linaunguruma pembeni yake.

Onyo la kwanza: umeme ukikatika usiku huo, kipimo hakifai, rudia. Onyo la pili: usilizime friji usiku "kubana matumizi" nyama ikiwa ndani. Utakachookoa kwenye uniti utakitupa jalalani. Onyo la tatu: usikwangue barafu kwa kisu. Ukitoboa bomba la gesi umenunua friji jingine. Lizime, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani, subiri.

7. Andika makadirio ya mwezi ya kila kifaa, anza kushughulikia cha juu kabisa.

Pasi pia inawaka na kuzima, kwa hiyo hesabu muda wote unaopiga nguo. Piga za wiki nzima kwa mkupuo, maana kila ukiiwasha unalipia kuipasha upya.

MASWALI

Mdau wa Ubungo: Mkuu nimepitia juu juu. Kwa kifupi nizime nini?
Jibu: Kwa kifupi, soma.

Fundi Viatu: Uongo huu. Pasi yangu ni ya wati 1,000, nimehesabu nimepata uniti 2 kwa saa. Mita imechakachuliwa, naenda kuwashtaki.
Jibu: Mita yako ni imp ngapi?
Fundi Viatu: Nimetumia hiyo 1600.
Jibu: Hiyo ni yangu. Nenda kasome yako.
Fundi Viatu: Imeandikwa 3200.
Jibu: Haya.

Mama Watatu: Kaka, sisi tuko wapangaji wanne mita moja, na kila mwezi ni ugomvi. Mwenye sabufa anasema ni mwenye friji, mwenye friji anasema ni mwenye pasi. Tufanyeje? Na hiyo kodi ya jengo tunalipa sisi?
Jibu: Dada, swali zuri. Kwanza, tarifu 4 inawafaa wanaotumia si zaidi ya uniti 75 kwa mwezi kwa mita nzima. Zinazozidi 75 zinatozwa bei ya juu kuliko hata ya tarifu 1, na mkizoea kuvuka mnahamishwa. Nyinyi wanne mkiwa na friji mbili hamwezi kubaki humo, kwa hiyo msilaumiane kwa hilo. Dawa ya ugomvi ni submita kwa kila chumba, afunge fundi mwenye leseni, mnachanga kwa kilichosomwa. Mkishindwa, pimeni friji kwa hatua ya 6, mwenye nalo alipe uniti zake, zinazobaki mgawane. Sabufa sikuitetea, ila mara nyingi inasingiziwa kwa sababu ya kelele. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba. Tunzeni risiti za tokeni, muongee naye akate kwenye kodi ya pango.

Kijana wa Tandika: Kuna jamaa mtaani kwa 50,000 anaifanya mita isome polepole.
Jibu: Huyo ni kishoka, fundi bandia wa umeme, na huo ni wizi. Ukikamatwa wewe ndiye mwenye mita, yeye hayupo. Usiulize tena hapa.

Msomaji wa Nakuru: Habari wadau. Huku kwetu ni tokeni za stima pia. Hii njia inafanya kazi?
Jibu: Inafanya kazi, mita hazijui mpaka. Kinachobadilika ni madaraja: kwenu tangu 2023 mistari ya matumizi ya nyumbani ni uniti 30 na 100 kwa mwezi. Ukiwa kwenye 105, kushughulikia friji tu kunaweza kukushusha daraja.

Mpenda Hesabu: King'amuzi na tivii zikiwa na ile taa nyekundu tu, zinakula? Nimehesabu dakika 6 nimepata mara 1, mara nyingine 2.
Jibu: Umefanya vizuri kurudia. Kwa kitu kidogo namna hiyo dakika 6 hazitoshi, hesabu saa nzima. Ukipata 16 kwenye mita ya 1600, ni wati 10 mfululizo, kama uniti 7 kwa mwezi. Kwa wa tarifu 1 ni 2,500. Hiyo ni zaidi ya ile taa ya LED mara tano, na hakuna anayeiona.

Mama Watatu: Narudi tena. Maharage je? Mkaa umepanda, ila naogopa jiko la presha la umeme litatumaliza.
Jibu: Lile linakula chini ya uniti moja kwa sufuria ya maharage, kwa sababu likishapanda presha linazima na kuwaka lenyewe. Kwa tarifu 1 hiyo ni chini ya 356. Weka hesabu hiyo pembeni ya mkaa unaonunua kwako. Loweka usiku, mwaga yale maji, weka maji mapya. Linalomaliza watu ni jiko la koili wanaloliacha wazi saa mbili.

Mpenda Hesabu: Na maharage yakiwa ya kwenye mkaa?
Jibu: Yachemshe dakika 20 yakiwa yamelowekwa, funika, tia sufuria kwenye kapu lenye blanketi kuukuu, lifunge vizuri. Saa tatu baadaye rudisha motoni yachemke tena, malizia kiungo.

Mdau wa Ubungo: Sawa nimesoma yote. Mpira wa friji nitajuaje umechoka?
Jibu: Sasa tunaongea. Bana karatasi kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kukaza, hapo pamelegea. Zungusha mlango mzima, hasa kona ya chini upande wa bawaba. Kabla hujanunua mpira mpya, ufute na sabuni, kisha ukande kwa kitambaa cha maji ya moto, uvute kidogo urudi umbo lake, ufunge mlango usiku kucha. Ukijaribu karatasi asubuhi ikakaza, umeokoa hela ya mpira.