Somo: Diski haiingii kwenye kundi kwa sababu ya metadata ya zamani: jinsi ya kuisoma na kuifuta bila kuua data

Wakuu, salaam. Somo hili ni la wale wanaopanua mifumo mikubwa ya hifadhi: umechomeka diski kwenye kabati, taa ni za kijani, lakini nafasi haiongezeki. Kontrola (kadi inayosimamia diski) inaandika "Foreign" (ya kigeni), au Linux inakujibu "Device or resource busy" kila unapojaribu kuigusa. Wengi hukimbilia kuirudisha diski kwa muuzaji wakidhani ni mbovu. Mara nyingi ni nzima kabisa. Iliwahi kutumika kwenye kundi lingine (diski kadhaa zinazofanya kazi kama hifadhi moja), na maandishi ya kundi hilo, yaani metadata, bado yamo ndani yake. Diski za akiba zilizokaa stoo, zilizonunuliwa zikiwa zimetumika, hata zile zinazoletwa kufidia za waranti, zote zinaweza kuja na maandishi hayo.

Nina msimamo mmoja kwenye jambo hili na nitaurudia: soma kwanza, futa baadaye. Amri ya kufuta inachukua sekunde. Kazi yenyewe ni kujua unachokifuta ni cha nani.

Metadata inakaa wapi

Hapa tukae kidogo, maana matatizo mengi yanaanzia hapa. Watu wanadhani kila kitu kiko mwanzoni mwa diski. Sivyo.

GPT (jedwali la patisheni) ina kichwa chake karibu na mwanzo, na nakala yake ya pili iko kwenye sekta ya mwisho kabisa. ZFS, mfumo wa faili unaounda makundi ya diski wenyewe, huandika lebo nne, kila moja KiB 256: mbili mwanzoni, mbili mwishoni. Kadi za RAID (zinazounganisha diski kuwa kundi) zinazofuata muundo wa DDF huweka kichwa cha nanga (anchor) kwenye sekta ya mwisho. Superbloku (rekodi ya kundi) ya mdadm, programu ya RAID ya Linux, inategemea toleo: 1.2 iko KiB 4 kutoka mwanzo, 1.1 iko mwanzoni kabisa, lakini 1.0 na lile la zamani la 0.90 ziko mwishoni. LVM, inayogawa nafasi ya diski kwenye Linux, huandika lebo yake ndani ya sekta nne za kwanza, kwa kawaida sekta ya pili.

Kwa hiyo mtu akifuta kichwa na kuacha mkia, seva ikiwashwa tena kundi la zamani linarudi lilivyokuwa.

Hatua ya 1: Itambue diski kwa serial namba

Herufi kama sdk au sdm hubadilika kila seva inapowashwa au kabati linapochomolewa. Usizitegemee. Kabla ya kuisukuma diski ndani, andika serial namba iliyo kwenye lebo yake, kisha ilinganishe na inayoonekana hapa:

`lsblk -d -o NAME,SIZE,SERIAL,WWN,MODEL`

Kama kabati lako linakubali, washa taa ya diski hiyo kwa `ledctl locate=/dev/sdk` ukaione kwa macho. Na kama una njia mbili za kebo, diski moja itaonekana mara mbili kwa majina tofauti. `multipath -ll` itakuonyesha.

Hatua ya 2: Soma kilichomo

`wipefs /dev/sdk`

Bila `-a`, amri hii haifuti chochote. Inaorodhesha tu alama ilizozikuta na mahali zilipo. Rudia kwa kila patisheni (`/dev/sdk1` na kuendelea), kwa sababu alama za ndani ya patisheni haziorodheshwi ukiisoma diski nzima.

Kisha ingia ndani zaidi kulingana na ulichokiona: `mdadm --examine /dev/sdk`, `pvs`, `zdb -l /dev/sdk1`, au `zpool import` bila jina, ambayo huorodhesha tu makundi yanayoweza kuingizwa.

Kwenye majibu ya mdadm, soma mistari mitatu kwa makini: "Array UUID" (kitambulisho cha kundi), "Name" na "Update Time". Kwenye "Name" mara nyingi utakuta jina la seva iliyounda kundi hilo. "Update Time" ikiwa ya miaka iliyopita, na UUID hailingani na kundi lolote ulilonalo, una masalia mkononi. "Update Time" ikiwa ya leo asubuhi, ondoa mikono kwenye kibodi. Hiyo ni diski ya kundi hai.

Hatua ya 3: "Foreign" haimaanishi takataka

Nawaomba hatua hii msiiruke. Kadi ya RAID huandika "Foreign" kwa diski yoyote yenye usanidi ambao kadi yenyewe haiutambui kuwa wake kwa wakati huo. Diski ya zamani kutoka stoo itaandikwa hivyo. Lakini pia kebo ya kabati ikilegea, au kabati likizimika kisha likawaka, diski za kundi lako hai zinaweza kurudi zikiwa zimeandikwa vilevile. Sasa fikiria umechomeka diski mbili za zamani siku hiyohiyo ambayo kabati lilizimika. Zote zinasomeka "Foreign", na amri ya kufuta inafuta usanidi wote wa kigeni kwa pamoja.

Kwa kadi zinazotumia storcli (programu ya kuiamuru kadi), anza na hizi:

`storcli /c0/eall/sall show`
`storcli /c0/fall show`
`storcli /c0/fall import preview`

Kwenye jedwali la kwanza, diski za kigeni zina herufi F kwenye safu ya DG (kundi la diski). Zihesabu. Kama ulichomeka mbili na F ziko sita, hizo nne za ziada ndizo data ya watu. Chomoa zile mbili ulizoleta, tazama tena `preview`, na kama kundi lako linaonekana kamili, liingize kwa `storcli /c0/fall import`. Likishakaa sawa, ndipo urudishe diski za zamani na kuzishughulikia peke yake:

`storcli /c0/fall delete`

Diski ikibaki na hali ya UBad (kadi inaihesabu mbovu) baada ya hapo, na una hakika ni nzima, tumia `storcli /c0/e32/s5 set good`, ukiweka namba za kabati na nafasi zako.

Kama una seva ya pembeni isiyo na data, safisha diski huko kabla hazijafika kwenye mfumo hai. Ni usumbufu mdogo, na unaondoa hatari yote ya hatua hii.

Hatua ya 4: Iachie diski

"Device or resource busy" maana yake kuna kitu kimeishika. Mara nyingi ni hiki, ukifungua `/proc/mdstat`:

`md127 : inactive sdk[3](S)`

Linux iliona superbloku ya zamani, ikaanza kuunda kundi, ikakosa wenzake, ikabaki imeishikilia diski. Namba 127 ni ile mfumo unayoipa kundi usilolisajili wewe. Liachie kwa `mdadm --stop /dev/md127`.

Kama ni LVM, izime kwanza kwa `vgchange -an` ukitaja jina la kundi. Na hapa jihadhari: seva zilizosanikishwa kwa mtindo mmoja huwa na majina ya makundi yanayofanana, hivyo la zamani linaweza kugongana na lako. Angalia UUID kwa `vgs -o vg_name,vg_uuid`, kisha libadilishe jina la zamani kwa `vgrename` ukitumia UUID badala ya jina.

Hatua ya 5: Futa, ukiwa na nakala

Anza na patisheni, kisha diski yenyewe:

`wipefs -a --backup /dev/sdk1`
`wipefs -a --backup /dev/sdk`

Ule mpangilio una sababu. Ukifuta jedwali la patisheni tu, alama ya ndani inabaki palepale. Kesho ukitengeneza patisheni mpya inayoanza mahali pale pale (na programu nyingi huanza sekta ya 2048), alama ya zamani inaibuka tena.

`--backup` huhifadhi baiti zilizofutwa kwenye faili ndogo ndani ya folda yako ya nyumbani, jina lake likiwa na mahali zilipotoka. Ukigundua umekosea diski, na hujaandika kitu kingine juu yake, faili hilo linarudishwa kwa `dd` mahali palepale. Sioni sababu ya mtu yeyote kuendesha `wipefs -a` bila `--backup`.

Kwa superbloku za mdadm unaweza pia kutumia `mdadm --zero-superblock /dev/sdk`, na kwa ZFS `zpool labelclear`.

Hatua ya 6: Kontrola nayo ina kumbukumbu

Diski ni safi lakini kadi bado inakataa kuunda kundi jipya? Angalia kashe (kumbukumbu ya muda ya kadi). Kundi likipotea ghafla, kadi hutunza data ambayo haikuwahi kuandikwa, ikisubiri kundi hilo lirudi.

`storcli /c0 show preservedcache`

Ikionyesha kundi ambalo kweli halirudi, lifute kwa `storcli /c0/v3 delete preservedcache`, v3 ikiwa namba ya kundi husika. Kama kuna uwezekano linarudi, rudisha diski zake kwanza.

Hatua ya 7: Ongeza

Ongeza diski moja, tazama logi, kisha zilizobaki. Hakikisha una bakapu iliyojaribiwa kabla ya kupanua, maana kupanua RAID kunasogeza data yako yote.

---

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi nimefuta MB 100 za mwanzo kwa dd, nikawasha upya, kundi la zamani limerudi. Diski ina tatizo?

Jibu: Haina tatizo, umebakiza mkia. Futa MiB 10 za mwisho:

`dd if=/dev/zero of=/dev/sdk bs=1M seek=$(( $(blockdev --getsz /dev/sdk) / 2048 - 10 ))`

Nimeacha `count` makusudi, ili iandike hadi ukingo kabisa. Itaishia na ujumbe "No space left on device", na hapo ndipo tunapotaka ifike. Hakiki serial namba kabla ya kubonyeza, dd haiulizi.

Swali: Nimepata diski za SAS zilizotoka kwenye mfumo mwingine wa hifadhi. Linux inaziona lakini ukubwa ni 0.

Jibu: Tazama `dmesg`. Nahisi utakuta "Unsupported sector size 520". Mifumo kadhaa ya hifadhi hutumia sekta za baiti 520, ambapo baiti 8 za ziada ni za kuhakiki data. Hapo wipefs haisaidii, inabidi diski ifomatiwe upya kwa ndani: `sg_format --format --size=512 /dev/sgX`. Inafuta kila kitu na kwa diski kubwa inachukua saa nyingi. Usikate umeme katikati.

Swali: Mwalimu, kwangu kusoma kunakubali lakini kuandika kunagoma, logi inasema "reservation conflict". Nimeshafuta kila kitu.

Jibu: Hiyo haiko kwenye sekta za data, ndiyo maana hukuigusa. Klasta (kundi la seva) ya zamani iliweka zuio la SCSI. Lisome kwa `sg_persist --in -r /dev/sdk`, na funguo zake kwa `sg_persist --in -k /dev/sdk`. Kwanza hakikisha hakuna seva nyingine hai inayoitumia diski hiyo, kwa sababu zuio hilo kazi yake ni kuzuia seva mbili zisiandike kwa pamoja. Ukishajiridhisha, jisajili kisha uondoe:

`sg_persist --out --register --param-sark=0xabc /dev/sdk`
`sg_persist --out --clear --param-rk=0xabc /dev/sdk`

Swali: Sikuongeza diski, nimekuza LUN (diski inayotolewa na storeji kwa seva) kutoka kwenye storeji. Sasa programu ya patisheni inalalamika kuwa nakala ya GPT haiko mwisho wa diski. Nifute?

Jibu: Usifute kitu, data yako iko hapo! Diski imerefuka, nakala ya GPT imebaki pale palipokuwa mwisho wa zamani. Isogeze kwa `sgdisk -e /dev/sdk`. Kama unatumia njia nyingi, fanya rescan ya kila njia, kisha `multipathd resize map` ukitaja jina la ramani, na sgdisk uielekeze kwenye ramani hiyo badala ya njia moja. Ndipo ukuze patisheni na `pvresize`.

Swali: Kaka, nimeshaendesha `fall delete` kabla ya kusoma somo hili na nadhani kundi hai lilikuwemo. Nifanyeje?

Jibu: Pole sana. Simama hapo hapo. Amri ile imefuta usanidi, haijafuta data yenyewe. Kitakachoiua sasa ni kuunda kundi jipya kwa kuanzisha diski upya, kwa hiyo usikubali "initialize" ya aina yoyote, hata ile ya haraka. Chukua nakala ya kila diski kwa `ddrescue` kwenye diski nyingine. Kisha tafuta kwenye logi za zamani za kadi: kiwango cha RAID, mpangilio wa diski kwa nafasi, na ukubwa wa stripu (kipande cha data kinachoandikwa kwenye kila diski). Ukiwa na hivyo vitatu, kundi linaweza kuundwa upya vilevile lilivyokuwa, bila kuanzishwa. Kama data ni ya thamani na hujawahi kulifanya hili, wape wataalamu wa kuokoa data, na wewe kaa na zile nakala.

Swali: Diski yangu ya SSD inakataa kila amri, hata wipefs inatoa kosa la kusoma.

Jibu: Yawezekana ni diski inayojisimba yenyewe (inayoficha data kwa ufunguo) na imefungwa na mfumo wa zamani. Tafuta PSID (namba ya siri ya kiwandani) kwenye lebo yake, ni herufi na namba 32. Kwa `sedutil-cli --PSIDrevert` ukitaja PSID hiyo na diski, inarudi ilivyotoka kiwandani na data yote iliyomo inapotea. Kama lebo imebanduka au haisomeki na aliyekuwa nayo hana ufunguo, hiyo usiihesabu kwenye upanuzi wako.