Kabla hujakata waya: umeme wa kabureta unapobadilisha injini ya gari la zamani

Anayebadilisha injini hujiandaa kwa yale mazito: mnyororo wa kunyanyulia, mauntini, giaboksi itashikana vipi na injini mpya. Kabureta huachwa iwe ya mwisho, kwa kuwa inaonekana ni kifaa cha mafuta na hewa tu. Kisha injini inakaa mahali pake, mikono imechoka, na kando ya kabureta zinaning'inia nyaya tatu nne ambazo hakuna anayejua zilitoka wapi. Kazi hii ifanye mapema, injini ikiwa bado iko sakafuni na unaweza kuizunguka pande zote.

Kwanza itambue kabureta yenyewe. Ifute mafuta na vumbi, kisha tazama kila kitu chenye waya au plagi. Usiamini jina la modeli peke yake. Weber 32/36 ni mfano mzuri: DGEV ina choki (mfumo wa kibati kinachobana hewa injini ikiwa baridi) ya umeme, DGAV choki yake hupashwa joto na maji ya injini, na ukiziweka pamoja ni rahisi kuzichanganya. Moja inadai waya, nyingine inadai mipira ya maji. Piga picha kabla ya kuchomoa chochote, funga kibandiko kwenye kila waya na kila mpira wa vakyumu, na andika kazi yake, si rangi yake. Rangi ya waya wa injini hii haina maana yoyote kwenye gari lile.

Kwa kila waya kuna maswali mawili ya kujibu kabla ya kukata: umeme uufikie wakati gani, na ukatike wakati gani? Hapo ndipo watu wengi hukosea.

Chukua solenoidi ya kukata mafuta. Ni kitu cha ukubwa wa kidole gumba, kimefungwa kwenye ubavu wa kabureta, mara nyingi kina waya mmoja tu. Ndani kuna pini inayosukumwa na springi. Ikipata umeme, pini inarudi nyuma na mafuta ya sailensi (injini ikizunguka polepole bila kukanyaga mafuta) yanapita. Umeme ukikatika, pini inaziba, na injini inazima papo hapo badala ya kuendelea kugugumia kwa joto lililobaki kwenye silinda. Solenoidi isiyo na umeme ina dalili yake: gari linawaka ukikanyaga mafuta, ukiachia tu linazima. Nimeona watu wakifungua kabureta nzima na kusafisha jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) zote kwa tatizo hilo, kumbe ni waya mmoja. Ifungue, ipeleke mbali na petroli, iguse kwa nyaya mbili za betri huku umeikamata kwa vidole. Utasikia "tak" na kuihisi pini ikirudi. Isipofanya hivyo, tafuta nyingine kabla injini haijaingia.

Solenoidi hiyo inataka umeme swichi ikiwa ON, na pia wakati stata inazungusha injini. Waya wa redio hautafaa, maana kwenye magari mengi umeme wa ACC (hatua ya swichi inayolisha redio na vifaa vidogo) hukatika wakati wa stata. Hata baadhi ya nyaya za ON hukatika wakati huo. Mtu mmoja azungushe funguo, wewe upime kwa mita katika kila hatua, na uuwekee alama waya unaobaki na umeme katika hatua zote mbili.

Choki ya umeme ina tabia tofauti. Ndani ya kifuniko chake cha duara kuna springi ya metali mbili iliyojiviringisha, na kipashio kinachoipa joto hadi kibati cha choki kifunguke kidogo kidogo ndani ya dakika chache. Ukiipa umeme wa ON wa kawaida, kisha ukaacha funguo ON wakati unatafuta hitilafu nyingine, choki inafunguka yote na injini bado ni baridi. Ndiyo maana watengenezaji wengi huipitisha kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayosubiri alteneta ianze kuchaji. Baadhi ya magari ya Ford huilisha moja kwa moja kutoka kwenye alteneta kwa takriban volti 7, na choki ya namna hiyo ukiipa volti 12 itafunguka haraka mno. Soma kilichoandikwa kwenye kifuniko chake.

Waya wa choki usiuchukue kwenye koili inayotengeneza cheche za plagi, hata kama iko karibu na inavutia. Koili nyingi za zamani hulishwa kupitia rezista (kipunguza umeme), hivyo injini ikiwaka hupata pungufu ya volti 12. Choki ikinyonya hapo, cheche inadhoofika na choki yenyewe haipati joto la kutosha. Rezista hiyo si lazima iwe kipande cha kauri unachokiona kwa macho. Huweza kuwa waya wenyewe, umefichwa ndani ya fungu la nyaya za gari. Soma pia koili ya injini mpya kama inataka rezista ya nje.

Kuhusu ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, nina kidonda changu. Injini hukaa juu ya raba, na kabureta nyingi hukaa juu ya kipande kinene cha bakelaiti (plastiki ngumu) kinachozuia joto, na vyote viwili havipitishi umeme. Choki na solenoidi nyingi hutegemea bodi ya kabureta kuwa ethi. Niliwahi kufunga injini iliyopakwa rangi vizuri, manifoldi safi, gasketi mpya, halafu sailensi ikakataa kabisa. Mita ilisoma volti 12 kwenye waya wa solenoidi, nami nikaendelea kuilaumu kabureta. Siku ya pili nikagusisha waya kutoka bodi ya kabureta hadi hasi ya betri, na solenoidi ikalia "tak". Tangu hapo naandaa mapema waya mnene wa ethi kutoka injini hadi bodi ya gari, na mwingine mwembamba kutoka kwenye skrubu ya kabureta, na rangi naikwangua mpaka chuma king'ae.

Ukikuta kabureta yenye plagi ya nyaya nyingi, na sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, simama kwanza. Hiyo inaendeshwa na kompyuta. General Motors, kwa mfano, waliieneza kwenye magari yao ya Marekani mwaka 1981, na solenoidi yake ya mchanganyiko hupiga mara 10 kwa sekunde. Huwezi kuipa volti 12 za kudumu ukategemea itafanya kazi. Ama uchukue kompyuta, sensa na nyaya zake zote, ama utafute kabureta ya kawaida inayolingana na injini hiyo. Mimi ningechagua kabureta ya kawaida.

Pampu ya mafuta ya umeme, kama injini mpya haina pampu inayoendeshwa na injini yenyewe, iwe ya shinikizo dogo. Kabureta nyingi hutosheka na psi (kipimo cha shinikizo) 3 hadi 6. Pampu ya injini ya sindano (inayonyunyiziwa mafuta bila kabureta) mara nyingi hutoa psi 40 na zaidi, itaishinda floti (boya linalofunga mafuta kabureta ikijaa) na petroli itamwagika juu ya injini yenye moto. Ipe fyuzi karibu na betri, rilei, na swichi ya presha ya oili inayoikata injini ikizima, ili gari likipata ajali pampu isiendelee kumwaga.

Gari lenyewe nalo lichunguze. Magari ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mengine ni ya volti 6, na ya Uingereza mengi yalikuwa na ethi kwenye chanya. Na ukifunga alteneta mahali pa dainamo, taa ya chaji inaweza kurudisha umeme kwenye saketi ya swichi, ukatoa funguo na injini ikaendelea kuunguruma. Diodi moja (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye waya wa taa hiyo hulimaliza tatizo hilo.

Siku ya kuwasha, weka kizima moto karibu. Funguo ON bila stata, chomoa waya wa solenoidi na uurudishe, usikilize. Ikilia, washa, kisha simama juu ya kabureta uangalie kibati cha choki kikifunguka.