Kuchora Mikao ya Mwili kwa Haraka: Mazoezi ya Nusu Saa, Hatua kwa Hatua

Mchoro wa mkao huchukua kati ya sekunde 30 na dakika chache, na kazi yake ni moja: kunasa mwili unafanya nini. Unasukuma? Unaegemea? Unajinyoosha? Sura, vidole na mikunjo ya nguo havina nafasi hapa. Muda ni mfupi ili ulazimike kuchagua, wala si kukufundisha kukimbiza mkono. Sekunde 30 zinatosha mistari minane hivi. Ukitumia mitatu kwenye pua, mkao umekupita.

Vifaa

Tumia karatasi rahisi za ukubwa wa A3 au zaidi, kwa sababu karatasi nzuri humfanya mtu aogope kuiharibu. Chukua kijiti cha mkaa wa kuchorea au penseli laini, 4B hadi 6B. Ubane karatasi kwenye ubao ulioinuka ili uione yote uso kwa uso. Ikilala mezani, sehemu yake ya juu iko mbali zaidi na jicho, na ukija kuinua mchoro unamkuta mtu wako amerefuka bila wewe kutaka. Raba usiilete kabisa.

Penseli ilale chini ya kiganja, uchore kwa ubavu wa ncha, na mkono wote utoke begani. Kifundo cha mkono kikifanya kazi peke yake hutoa tao fupi tu, hivyo mstari wa mguu mzima utakatikakatika vipande vitano.

Modeli aliye hai ndiye bora. Usipompata, tumia picha zinazoonyesha mwili mzima hadi nyayo, nguo zisiwe pana, na mpiga picha asiwe amesogea karibu mno, maana lenzi ya karibu hukuza kiungo kilicho mbele. Weka saa ya simu ikuhesabie: mikao 10 ya sekunde 30, mikao 5 ya dakika 1, mikao 5 ya dakika 2, na mmoja wa dakika 10. Jumla dakika 30.

Hatua ya 1: Tazama, kisha taja kitenzi

Sekunde tano za kwanza penseli isiguse karatasi. Jiambie kwa neno moja: anavuta, anainama, anajitupa. Katika mikao mirefu, uige mkao huo kwa mwili wako. Utahisi uzito umekaa mguu gani na upande upi wa kiuno umebanwa, mambo ambayo jicho peke yake huyapuuza.

Hatua ya 2: Mstari mkuu

Chora mstari mmoja mrefu unaotoka kichwani, ukapita kiwiliwili, ukaishia kwenye mguu unaoendeleza mwendo. Mara nyingi utakuwa tao moja, mawimbi mawili yanayopokezana, au mstari ulionyooka. Si lazima ufuate uti wa mgongo. Unafuata nguvu ilikoelekea. Uanzie karibu na ukingo wa juu na kuishia karibu na ukingo wa chini, ili miguu isije ikakosa karatasi.

Zidisha mpindo. Modeli akiinama kidogo, wewe mwinamishe zaidi. Kila mstari utakaoongeza baadaye utamvuta mtu wako kuelekea wima, kwa kuwa akili inapenda kusimamisha vitu, na usipozidisha mwanzoni utamaliza na askari wa gwaride.

Hatua ya 3: Mabega dhidi ya nyonga

Hapa ndipo mchoro unapopata uhai, kwa hiyo usipaharakishe. Weka mistari miwili mifupi: mmoja wa mabega, mmoja wa nyonga. Mtu aliyesimama kwa kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande wa mguu huo hupanda, na kwa kawaida bega la upande huohuo hushuka. Matokeo yake ubavu mmoja hubanwa na wa pili hunyooka. Upande uliobanwa uupe mstari mfupi wenye kona au mkunjo. Ulionyooka uupe mstari mmoja mrefu usiokatika. Ukichora mbavu zote mbili kwa matao yanayofanana, umechora soseji.

Hatua ya 4: Timazi

Shusha mstari wa wima kutoka kishimo cha koo hadi chini. Aliyesimama kwa mguu mmoja, mstari huo huangukia kwenye unyayo unaobeba uzito au karibu nao sana. Aliyegawa uzito kwa miguu yote miwili, huangukia katikati. Ukitua nje kabisa ya nyayo, basi kuna kitu anachokiegemea, au yuko katika mwendo kama mkimbiaji, au umekosea. Kagua kabla ya kuongeza mikono, kwa sababu kusahihisha baadaye ni kuchora upya.

Hatua ya 5: Maumbo makubwa na viungo

Mbavu zote kwa pamoja ziwe yai moja, fupanyonga liwe sanduku, kila kimoja kikiinama kwa mwelekeo wake. Kwa mtu mzima aliyesimama, kichwa ni takriban sehemu moja ya saba na nusu ya urefu wake, na kinena kiko karibu na nusu.

Mkono uchore kama mkondo mmoja kutoka begani hadi kifundoni. Uvimbe wa pande mbili za kiungo usiulinganishe: shavu la mguu huvimba juu zaidi upande wa nje kuliko wa ndani, ilhali kwenye kifundo cha mguu nundu ya ndani ndiyo iliyo juu. Kiungo kinachokuelekea usikipime kwa urefu. Acha mstari wa sehemu ya mbele uukate wa sehemu ya nyuma, umbali utajieleza. Vidole viache, lakini unyayo usiuache kamwe.

Katika sekunde 30 utaishia hatua ya 3 pamoja na miguu, na hilo linatosha. Dakika 1 inaruhusu timazi na mikono, dakika 2 maumbo. Mkao wa dakika 10 uanze vilevile, kisha muda uliobaki utie kivuli kwa weusi mmoja ulio sawa, bila kugusa uso.

Yanayoharibika mara kwa mara

Mistari yenye manyoya, yaani iliyoungwa kwa vijistari vingi vifupi, hutokana na kusitasita. Pitisha mkono hewani mara mbili, kisha uuweke mstari mara moja.

Watu wanaonekana kama nyoka? Matao yamezidi. Palipo na mfupa karibu na ngozi, kama muundi, nyoosha mstari. Tao libaki upande wa nyama.

Kichwa kikubwa na miguu mifupi ni dalili kwamba umeanzia usoni. Kwa wiki moja, kichwa kichore mwisho.

Mwisho wa nusu saa, panga michoro sakafuni uitazame kwa mbali. Kosa linalojirudia katika mitatu au zaidi liandike juu ya karatasi ya kikao kijacho, na ushughulike na hilo tu.