Jinsi ya Kutafuta na Kuomba Saraka za Zamani za Miji ya Marekani

Saraka ya mji ni kitabu kinachoorodhesha wakazi kwa alfabeti: jina, kazi na anwani. Kurasa za nyuma huwa na biashara, makanisa, shule na ofisi za serikali. Philadelphia ilipata saraka zake mbili za kwanza mwaka 1785, New York mwaka 1786, na kufikia mwisho wa karne ya 19 miji mingi ya Marekani ilikuwa na zake, nyingi zikitoka kila mwaka. Sensa ya taifa huja mara moja tu kwa miaka 10, na ile ya 1890 karibu yote ilipotea baada ya moto wa Januari 1921. Ndiyo maana anayefuatilia familia au nyumba kati ya 1880 na 1900 huanzia kwenye saraka.

Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, weka wazi mambo manne: jina la mji, kaunti yake, miaka unayoitaka, na kama unatafuta mtu, nyumba au biashara. Usiombe mwaka mmoja peke yake. Wakusanyaji wa majina walipita mlango kwa mlango miezi kadhaa kabla ya kitabu kutoka, kwa hiyo saraka yenye 1885 kwenye jalada yaweza kumwonyesha mtu pale alipoishi 1884. New York katika karne ya 19 mikataba mingi ya pango ilikwisha Mei 1 na watu wengi walihama siku hiyohiyo, hivyo tofauti ya majuma machache tu humweka mtu kwenye mtaa mwingine. Chukua mwaka wako, miwili ya nyuma na miwili ya mbele.

Anza na zisizolipiwa. Tafuta kwenye tovuti za Internet Archive, HathiTrust na FamilySearch. Maktaba ya Umma ya New York nayo imeweka mtandaoni saraka nyingi za zamani za jiji hilo. Andika jina la mji pamoja na maneno "city directory", na usipopata, jaribu jina la mchapishaji kama R. L. Polk, kwa sababu vitabu vingi vimesajiliwa kwa jina hilo. Vilivyochapishwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita havina tena hakimiliki. Vya baadaye mara nyingi huonekana kwenye orodha lakini havifunguki, na hivyo ndivyo utakavyolazimika kuviomba.

Ukishafungua kitabu, usitegemee kisanduku cha kutafutia. Kompyuta husoma vibaya herufi zilizofifia, na jina lililopo kabisa hujibiwa kuwa halipo. Majina yako kwa alfabeti, basi fungua katikati, tazama jina la juu ya ukurasa, kisha rudi nyuma au songa mbele. Namba ya picha kwenye kioo hailingani na namba ya ukurasa, kwa sababu matangazo yameingizwa katikati. Pitia pia kurasa za mwanzo: mara nyingi ndiko yalikowekwa majina yaliyochelewa na ya waliohama wakati kitabu kikichapwa. Wengi huziruka, kumbe mtu wao yuko hapo.

Kitabu kisipopatikana mtandaoni, iandikie maktaba ya umma ya mji wenyewe, kisha chama cha historia cha kaunti, kisha maktaba ya jimbo. Barua iwe fupi, nayo iandikwe kwa Kiingereza. Maudhui yake yawe hivi:

"Naomba kujua kama mnazo saraka za mji wenu za miaka 1931 hadi 1935. Kama mnazo, naomba nakala ya kurasa zenye jina la ukoo fulani, pamoja na ukurasa wa jina la kitabu na ukurasa wa vifupisho wa kila mwaka. Tafadhali nijulisheni gharama kabla ya kuanza kazi."

Barua inayoomba "habari zote za familia yetu" hukaa bila jibu, kwani mkutubi hana pa kuanzia. Ukiambiwa saraka ziko kwenye maikrofilamu, yaani mkanda wa filamu wenye picha ndogo za kurasa, uliza kama mkanda huo unaweza kuazimwa kupitia maktaba iliyo karibu nawe.

Anayekwenda mwenyewe Maktaba ya Bunge la Marekani, Washington, anahitaji kadi ya msomaji. Hutolewa bure kwa mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, akionyesha pasipoti au kitambulisho cha serikali chenye picha. Vitabu husomewa humohumo.

Ukurasa wa vifupisho una sababu ya kuombwa. Chukua mstari wa mfano: "Brown Mary, wid James, h 48 Elm". Maana yake Mary ni mjane wa James na nyumba yake ni namba 48 mtaa wa Elm. Ingekuwa "bds" badala ya "h", angekuwa mpangaji anayelishwa kwenye nyumba ya mtu mwingine. Lakini "r" kwa mchapishaji mmoja ni nyumba ya uani na kwa mwingine ni mahali mtu anapoishi, na ukikisia utamweka mtu pasipo pake. Saraka nyingi za zamani ziliwaacha wake na watoto, kwa hiyo mwanamke asipoonekana usihitimishe kwamba hakuwepo. Jina la mume likitoweka na "wid" ikajitokeza mwaka unaofuata, umepata kipindi cha kutafutia cheti cha kifo.

Anayefuatilia nyumba aangalie namba zake kwanza. Chicago ilibadilisha namba za nyumba mwaka 1909, na katikati ya jiji mwaka 1911, hivyo namba ya 1905 ukiitafuta leo itakupeleka kwenye jengo lisilohusika. Mwombe mkutubi jedwali la namba za zamani na mpya. Asipokuwa nalo, tafuta kwenye saraka duka au kanisa la jirani ambalo halikuhama, ulinganishe namba zake za kabla na baada ya mabadiliko, kisha uhesabu kutoka hapo.