Kumsaidia Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza Ambaye Bado Hajamudu Kusoma na Kuandika

Kila Januari shule zetu za kata hupokea wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao baadhi yao bado wanasoma kwa kubahatisha. Si rahisi kuwatambua, kwa sababu mtoto wa miaka 14 ameshajifunza kujificha: husikiliza jirani yake akisoma kisha akarudia, huomba ruhusa ya kwenda msalani zamu yake inapokaribia, na hunakili yaliyo ubaoni kwa mwandiko unaowashinda wenzake wote. Niliwahi kumsifu mvulana mmoja kwa usafi wa daftari lake karibu muhula mzima, hadi siku nilipomwomba anisomee alichokiandika, naye akainama, akanyamaza. Alikuwa amechora maneno, hakuwa ameyaandika. Mtihani wa darasa la saba haukumbaini, kwa kuwa maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu na kuweka kivuli kwenye herufi, na mtu anaweza kuyajibu bila kutunga sentensi hata moja.

Haya ninayaandika kwa ajili ya mwalimu wa kidato cha kwanza au cha pili, na kwa mzazi au mlezi anayeona mwanawe anazidi kuachwa nyuma. Ninalolisisitiza ni kwamba tuanzie pale usomaji wa mtoto ulipokomea, si pale muhtasari wa somo unapomtaka awe, na kwamba kazi hii ianze kwa Kiswahili hata kama karibu masomo yote ya sekondari yanafundishwa kwa Kiingereza.

Kwanza, jua alipokwama

Kipimo chake hakihitaji gharama. Tathmini ya Uwezo, yaani mpango wa kupima kama watoto wanaweza kusoma na kuhesabu, ambayo ilianza kufanyika majumbani nchini Tanzania mwaka 2010, iliwapima watoto wa miaka 7 hadi 16 kwa kazi za kiwango cha darasa la pili, zilizopangwa kama ngazi: silabi, maneno, aya, kisha hadithi. Mpangilio huo unatufaa. Andaa karatasi moja yenye silabi kumi, maneno kumi, aya ya sentensi nne, na hadithi ya nusu ukurasa unayoweza kuitoa katika kitabu cha darasa la tatu. Kaa na mwanafunzi mkiwa wawili tu, chini ya mti au pembeni mwa maktaba, mahali ambapo wenzake hawawezi kusikia. Mpe aya kwanza. Akiisoma bila shida, mpandishe kwenye hadithi na umuulize maswali mawili, moja ambalo jibu lake limeandikwa waziwazi na jingine linalomtaka afikiri kwa nini jambo lilitokea. Akikwama kwenye aya, mshushe kwenye maneno, na ikibidi kwenye silabi.

Dakika nne kwa kila mmoja zinatosha. Darasa la wanafunzi 60 litakuchukua saa nne kwa jumla, nawe unaweza kuzigawa katika wiki mbili bila kuvuruga ratiba. Wakati anasoma, usimsahihishe. Andika tu alipojikwaa na namna alivyojikwaa, kwa sababu anayeruka viambishi (vipande kama *ni*, *li* na *wa* vinavyoungana na kitenzi) ana tatizo tofauti na anayekisia neno zima kwa kuangalia herufi ya kwanza. Baada ya hapo wape darasa zima imla ya sentensi tano, ili uone pia jinsi masikio na kalamu yao vinavyosikilizana. Siku hizohizo, mwombe kila aliyekwama akae nyuma ya darasa asome maandishi ya ubaoni, kwani wapo wanaohitaji miwani na si masomo ya ziada, na hao wapelekwe kupimwa macho.

Matokeo ya kipimo hiki yabaki kwenye daftari lako. Kijana akitajwa mbele ya darasa kuwa hajui kusoma, utakuwa umempa sababu ya kutorudi shuleni Jumatatu.

Kwa anayekwama kwenye silabi na maneno

Uzuri wa Kiswahili ni kwamba tahajia yake haidanganyi: herufi ikishajulikana sauti yake, sauti hiyo haibadiliki kila neno linapobadilika. Ndiyo maana kijana mwenye akili timamu na sababu ya kujifunza anaweza kuvuka hatua hii upesi kuliko mtoto wa darasa la kwanza. Kinachomzuia mara nyingi ni aibu ya kupewa kitabu chenye picha za watoto wadogo. Achana na kitabu hicho. Kata maboksi matupu upate kadi, andika silabi, kisha mjenge nazo maneno ya maisha yake: nauli, kituo, vocha, bodaboda, mashine, mkopo, ghala.

Usipoteze muda kwenye a, e, i, o, u ikiwa anazijua. Wengi wa vijana hawa hukwama kwenye konsonanti zilizofuatana, kwa hiyo zishughulikie hizo moja kwa moja: mb, nd, nj, ny, mw, kw, sh, ch, dh, th, gh. Mwonyeshe tofauti ya *ngoma* na *ng'ombe* kwa kutamka taratibu ili asikie kwamba kile kialama cha juu kinabadilisha sauti. Mwonyeshe pia kwamba m na n huweza kusimama kama silabi peke yake. Neno *mbu* lina silabi mbili, m-bu, ilhali *mbuzi* nalo lina silabi mbili, lakini huko mb imeungana na irabu: mbu-zi. Anayelijua hili hasiti tena mbele ya *mtu*, *nchi* na *mbwa*.

Kikwazo kinachofuata, ambacho naona walimu wengi tunakipita haraka mno, ni urefu wa vitenzi vyetu. Mtoto anayesoma vizuri *soma* na *andika* hupotea kabisa anapokutana na *waliponitembelea* au *hawakutuambia*, kwa sababu anajaribu kulimeza neno kwa mkupuo mmoja. Mfundishe kulikata. Andika *tembelea* peke yake, asome. Ongeza *ni* mbele yake, asome *nitembelea*. Ongeza *po*, kisha *li*, kisha *wa*, na kila hatua muulize maana imebadilikaje: nani alitembelea, nani alitembelewa, ni lini. Fanya hivyo na vitenzi vitatu kila siku. Zoezi hili linafundisha kusoma, sarufi na ufahamu kwa pamoja, na nimeona likiwafungulia mlango wanafunzi ambao miezi ya kukariri silabi haikuwasaidia.

Kwa anayesoma, ila kwa kusuasua

Anayetumia nguvu zake zote kutambua maneno hafiki mwisho wa sentensi akiwa bado anakumbuka mwanzo wake, hivyo kumuuliza maswali ya ufahamu ni kumwonea. Anahitaji wepesi, na wepesi huja kwa kurudia. Chagua aya ya maneno 80 hivi kutoka gazetini au kitabuni, yenye habari ambayo kijana wa umri wake ataijali. Isome wewe kwanza kwa sauti, ukituama kwenye alama za uandishi. Kisha someni pamoja darasa zima, kisha wawiliwawili kwa sauti ya chini, mmoja akisoma na mwingine akifuatisha kwa kidole, na mwisho kila mtu asome peke yake. Kufikia hapo ameshaipitia aya mara nne, na mara ya nne humshangaza mwenyewe. Ukitaka kuhesabu maneno anayosoma sawasawa kwa dakika moja, mlinganishe na hesabu yake ya wiki iliyopita, kamwe usimlinganishe na mwenzake.

Ningependa desturi ya kumsimamisha mwanafunzi dhaifu asome mbele ya wote kitu ambacho hajawahi kukiona iachwe kabisa. Hakuna anachojifunza pale isipokuwa woga.

Wepesi ukianza kuja, mfundishe kusimama kila baada ya aya na kusema kwa maneno yake kilichotokea. Akishindwa, arudi kusoma tena kabla hujamweleza.

Kuandika kuanze mdomoni

Kosa letu kubwa ni kumpa insha ya maneno 150 mtu ambaye bado sentensi moja inamtoa jasho. Anza na sentensi moja anayoisema kwa mdomo, kwa mfano *Niliona ajali*. Muulize: lini? Wapi? Ulikuwa unafanya nini? Nani alikuwepo? Majibu yake yaingizwe ndani ya sentensi ileile hadi iwe *Jana jioni, nilipokuwa ninatoka kisimani na dada yangu, niliona ajali ya pikipiki karibu na daraja.* Aiseme yote kabla ya kuiandika. Hapo atagundua kwamba alikuwa na ya kusema tangu mwanzo, na kwamba kuandika ni kujibu maswali ambayo msomaji hayupo kuyauliza. Baada ya wiki kadhaa za sentensi za namna hiyo, ziunganishe tatu au nne kwa *kisha*, *kwa kuwa*, *hata hivyo* na *ndipo*, nawe utakuwa na aya.

Makosa ya tahajia yasikutishe, kwa kuwa mengi yana chanzo kinachoeleweka. Anayeandika *mrango* badala ya *mlango* huenda lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l. Anayeandika *amna* badala ya *hamna* anaandika anavyosikia mtaani. Anayeandika *kwasababu* au *na soma* hajui neno linaanzia na kuishia wapi. Aina hii ya mwisho ndiyo iliyo nyingi zaidi, na dawa yake ni ile kazi ya kukata na kuunganisha vitenzi: akishajua kwamba *na* ya *ninasoma* ni kiungo cha kitenzi, na *na* ya *baba na mama* ni neno kamili, ataacha kuzichanganya.

Unaposahihisha, chagua aina moja ya kosa kwa wiki. Ikiwa wiki hii ni utenganishaji wa maneno, r na l zisubiri. Ukurasa uliojaa wino mwekundu haumfundishi mtoto lipi aanze nalo. Na kila unaposahihisha, andika pia neno moja kuhusu alichokisema, si jinsi alivyokisema tu: kama ajali ile ilimwogopesha, mwambie umeelewa.

Kuvuka kwenda Kiingereza

Mwanafunzi aliyezoea tahajia ya Kiswahili husoma neno la Kiingereza *name* kama na-me na *five* kama fi-ve. Hilo ni kosa la mtu anayetumia kanuni anayoijua, kwa hiyo mweleze waziwazi kwamba lugha hii ya pili ina kanuni nyingine, na umfundishe maneno yenye tabia moja kwa pamoja, kama *name*, *same* na *game*. Katika Biolojia au Jiografia, jadilini mada kwa Kiswahili dakika tano kabla ya kufungua kitabu, kisha aandike maneno mapya matano katika daftari dogo, kila neno na maana yake na sentensi yake. Wapo wanaoona kwamba kutumia Kiswahili kunamchelewesha kujua Kiingereza. Mimi nimeona kinyume chake: asiyeelewa anachosoma hunakili tu, na kunakili hakujamfundisha mtu lugha yoyote.

Kuhusu muda, dakika 30 kwa siku nne za wiki zinazaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Ziwekwe ndani ya saa za shule, kwa sababu wanaohitaji msaada huu mara nyingi ndio hao wanaotembea mbali na wanaosubiriwa na kazi nyumbani, hasa wasichana. Mzazi naye, hata asiyejua kusoma, anaweza kumwomba mtoto amsomee ujumbe wa simu, maelezo ya mfuko wa mbegu au kadi ya kliniki ya mdogo wake, na kumsikiliza bila kumkatiza.

Rudia kipimo cha mwanzo kila baada ya wiki nane, ukitumia aya nyingine yenye ugumu uleule, na umhamishe kundi kila aliyepanda ngazi. Asiyesogea kabisa baada ya vipimo viwili, ingawa amehudhuria na macho yake yamepimwa, huenda ana tatizo la kujifunza linalohitaji mtaalamu. Peleka kumbukumbu zake kwa mkuu wa shule ili awasiliane na afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri. Kwa wale waliosogea, tunza karatasi ya imla ya kwanza. Mwezi Novemba, mkabidhi kila mmoja karatasi yake pamoja na kalamu, na umwache aisahihishe mwenyewe.